Magitaa ya Kijapani ya miaka ya 60: kagua shingo kabla hujapenda swichi

Teisco, kampuni ya Japani, walitengeneza gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vya chini ya nyuzi) nne zilizopangwa kama mabehewa, kila moja na swichi yake. Walitengeneza TG-64, lililotobolewa tundu la kushikia mkono kwenye bodi (mwili wa gitaa), na Tulip, lililochongwa kama ua. Ukiyaona kwenye picha moyo unaenda mbio, na hapo ndipo wengi wanapopoteza hela. Wanahesabu swichi, shingo wanaisahau.

Pikapu iliyokata sauti mara nyingi inarudi kwa saa moja ya kazi na lehemu kidogo. Shingo iliyopinda, isiyo na chuma cha kuinyooshea ndani yake, inaweza kula pesa kuliko bei ya gitaa lenyewe na bado isinyooke. Ukiwa na bajeti ndogo, igawe hivi: pesa iende kwenye shingo, briji (daraja linalobeba nyuzi) na funguo za kukazia nyuzi. Pikapu ziache zilivyo, kwa sababu ndizo zinazolipa gitaa hili thamani yake.

Teisco ilianzishwa Tokyo mwaka 1946 na Atswo Kaneko, mpigaji wa gitaa la Kihawaii, pamoja na mhandisi wa umeme Doryu Matsuda. Miaka ya 1960 magitaa yao yalimiminika Marekani na Ulaya, na mwaka 1967 kampuni ikachukuliwa na Kawai. Jambo la kukumbuka ukiwa mnunuzi ni kwamba viwanda vya Japani viliuza kazi ile ile kwa majina mengi: Teisco Del Rey, Kingston, Kent, hata Silvertone za maduka ya Sears. Gitaa lisilo na jina lolote kichwani linaweza kuwa na pikapu zile zile za Teisco, na bei yake ikawa nusu kwa sababu muuzaji hajui anachouza. Tazama pikapu, umbo la funguo na bamba la nyuma ya shingo. Jina liwe la mwisho.

Kabla ya kulipa

Muombe muuzaji picha hizi, naye akikataa, achana naye. Picha ya shingo iliyopigwa kutoka kichwani kuelekea kwenye briji, jicho likiwa usawa wa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Picha ya briji kwa ubavu, ili uone imebakiza nafasi kiasi gani ya kushuka. Picha ya pale shingo inapoingia kwenye bodi, pande zote mbili. Kisha aweke rula kwenye freti ya 12 na akupimie nafasi kati ya sehemu ya juu ya freti na uzi mnene.

Milimita 2 hadi 2.5 ni gitaa la kupigwa leo. Ikiwa milimita 4 na briji imeshashuka hadi mwisho, usikimbie bado. Nyuzi kuwa juu kuna sababu mbili, na gharama zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni pembe ya shingo: shingo imenyooka ila imelala vibaya kwenye bodi. Hiyo inatibika kwa kibanzi cha mbao cha nusu milimita. Ya pili ni shingo yenyewe kupinda kama upinde. Kuzitofautisha, mwambie muuzaji abonyeze uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha apige picha ya freti ya 7. Uzi ukiwa umenyooka vile, ndio rula yako. Nafasi ya milimita 0.2 hadi 0.3 ni afya. Ikifika 0.6 kuna kazi. Ikipita milimita 1, na shingo haina chuma cha kurekebishia, bei ishuke sana au uliache.

Mengi ya magitaa haya yana kibandiko au maandishi yanayosema shingo imeimarishwa kwa chuma. Usidanganyike na maneno hayo. Chuma kilichozikwa tu ndani ya mbao hakizungushwi. Kinachozungushwa kina mlango wake, ama kifuniko kidogo kichwani karibu na nyuzi zinapoanzia, ama nati kwenye kisigino cha shingo. Kama huoni mlango, hesabu kwamba hakuna.

Ukinunua kutoka Japani kupitia wakala, neno la kuangalia ni janku. Maduka ya mitumba kama Hard Off yana rafu nzima za janku, na maana yake ni kwamba muuzaji hadhamini chochote na hapokei marejesho. Humo kuna lulu na kuna kuni. Chukua janku pale tu picha za shingo zinaporidhisha. Ukosefu wa sauti peke yake usikutishe.

Kuhusu usafirishaji, shingo ya gitaa hizi imefungwa kwa skrubu nne. Mwombe muuzaji alegeze nyuzi, afungue shingo, na aweke vipande viwili ubavu kwa ubavu. Boksi linakuwa fupi, na kichwa cha gitaa hakivunjiki njiani.

Shingo

Ondoa nyuzi, lakini kabla ya hapo bandika mkanda wa karatasi kwenye bodi kuonyesha briji ilipokaa. Nyingi kati ya briji hizi hazikufungwa. Zinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na ukishalegeza uzi wa mwisho inateleza na kumbukumbu yake inapotea.

Fungua skrubu nne. Kwenye kitundu shingo inapokaa utakuta vumbi, matone ya rangi, pengine kipande cha karatasi ya sigara alichokiweka mtu zamani. Safisha hadi mbao ikutane na mbao. Rangi iliyoganda pale inatosha kuharibu pembe yote.

Kibanzi kinawekwa upande wa kitundu ulio karibu na pikapu, si upande wa kichwa. Kikiwa pale, kisigino kinainuka, kichwa kinarudi nyuma na nyuzi zinashuka. Hesabu yake ni rahisi. Kitundu kina urefu wa karibu sentimita 6.5, na kutoka mdomo wake hadi briji ni kama sentimita 23. Kibanzi cha nusu milimita kinakuruhusu kuinua briji kwa karibu milimita 1.5 hadi 2. Ndiyo maana hatuanzi na kadi ya benki, ambayo ina unene wa milimita 0.76. Mara nyingi inazidisha, na briji inakwenda juu hadi inatikisika kwenye miguu yake. Kibanzi bora ni cha mbao ngumu kilichopigwa msasa kikawa kama kabari, kikajaza kitundu chote, upande mmoja 0.5 na mwingine sifuri. Kipande kifupi cha kadi kinafanya kazi, lakini kinaacha uwazi katikati, na baada ya miaka kisigino kinaweza kubonyea hapo.

Faida ya pili ya kibanzi haisemwi sana. Briji ikiwa juu, nyuzi zinashuka kwa pembe kali zaidi kuelekea mkia, bati linaloshika ncha za nyuzi. Magitaa ya Teisco yana ugonjwa wa nyuzi kuruka nje ya vikalio vyake kwenye briji zikipigwa kwa nguvu, na chanzo chake ni pembe hiyo kuwa bapa mno. Kibanzi kimoja kinatibu mawili.

Shingo isiyo na chuma cha kurekebishia na iliyopinda kidogo, yaani 0.4 au 0.5, inavumilika ukipunguza mkazo. Weka seti ya .009 hadi .042. Kama imenyooka, napendekeza .010 hadi .046, kwa sababu nyuzi nyepesi mno zinafanya briji inayoelea ilie kama bati. Seti nzito zaidi ya hapo zinaimba vizuri, ila shingo ndiyo italipa.

Magitaa mengi haya yana freti ya sifuri, ile iliyo mara tu baada ya kimfupa cha kichwani. Kimfupa kinaongoza nyuzi tu, na freti hiyo ndiyo inayobeba urefu wake. Ikaguliwe kwa kucha: pitisha ukucha juu yake, na kama unakwama kwenye vijishimo chini ya nyuzi, freti imechimbika. Dalili yake kwenye sauti ni uzi wazi kulia kama sitari huku uzi uliobonyezwa unalia safi. Kubadilisha freti moja ni kazi ya dakika ishirini kwa fundi. Freti mpya iwe na kimo sawa na zile nyingine au izidi kwa unywele. Ikiwa fupi, kila uzi wazi utagonga freti ya kwanza.

Briji

Hapa ndipo gitaa la mapambo linapogeuka kuwa ala. Pima kutoka katikati ya freti ya sifuri (au kimfupa, kama hakuna freti hiyo) hadi katikati ya freti ya 12. Zidisha mara mbili. Ukipata milimita 314, urefu wako wa hesabu ni 628. Kikalio cha uzi mwembamba kikae kwenye hesabu hiyo au milimita 1 hadi 2 nyuma yake. Cha uzi mnene kikae milimita 4 hadi 5 nyuma. Kwa hiyo briji inasimama kimshazari kidogo, upande wa uzi mnene ukirudi nyuma. Ukiikuta imenyooka wima kama rula, noti za juu ya freti ya 12 zitakuwa za uongo, na hakuna funguo itakayokuokoa.

Briji ya asili ikiwa ni kipande kimoja kisicho na vikalio vya kusogezwa, iweke kwa sikio. Linganisha noti ya juu iliyoguswa tu kwenye freti ya 12 na ile iliyobonyezwa pale pale. Iliyobonyezwa ikiwa juu, sogeza briji nyuma. Ikiwa chini, sogeza mbele. Ukishapata mahali pake, vipande viwili vidogo vya mkanda wa gundi pande mbili chini ya miguu vinaizuia kuhama, na siku ukitaka kuvitoa havidhuru rangi.

Watu wengi wanataka kuweka briji ya kisasa ya vikalio sita. Inafaa, ila usitoboe kabla ya kupima mambo matatu. Umbali kati ya nguzo zake mbili mara nyingi ni milimita 74. Hakikisha chini yake pana mbao na si uwazi wa waya. Pima upana kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita kwenye briji ya zamani, kwa sababu shingo hizi ni nyembamba na briji mpya inaweza kupeleka uzi wa nje ukingoni mwa freti. Tatu, pima kimo cha chini kabisa cha briji mpya. Kama hata ikilala kwenye bodi bado ni ndefu kuliko ile ya zamani, utahitaji kibanzi kingine kwenye shingo. Gitaa likiwa na mkono wa tremolo (wa kutikisa sauti ya nyuzi), chukua briji yenye vigurudumu, maana ile ya vikalio vya kawaida inang'ang'ania uzi na gitaa halirudi kwenye tuni.

Pikapu na waya

Zile pikapu zenye karatasi ya dhahabu inayometa chini ya kifuniko kilichotobolewa ndizo zilizowapeleka watu kwenye magitaa haya. Mpiga gitaa Mmarekani Ry Cooder aliiweka moja ya Teisco upande wa shingo kwenye gitaa lake la Fender Stratocaster, na baada ya hapo bei zikapanda. Siri yake iko kwenye sumaku. Ni mpira uliochanganywa na unga wa feraiti, jamaa wa ule mkanda wa mlango wa friji. Ni dhaifu, kwa hiyo haivuti nyuzi, nawe unaweza kuisogeza karibu nazo bila uzi kusinyaa. Sauti inatoka wazi, yenye pumzi, na ikikokotwa na amplifaya inakoroma kwa upole. Kwa rithim ya dansi, pikapu ya shingoni kwenye amplifaya safi inakata kati ya tumba na magitaa mengine bila kugombana nayo.

Kabla ya kufungua chochote, chomeka waya kwenye jeki, fungua voliumu yote, weka multimita kwenye ohmu elfu 20 na upime ncha ya plagi dhidi ya mwili wake. Washa pikapu moja moja. Ukipata namba ya elfu kadhaa, koili ni nzima. Ukipata sifuri, kuna waya uliogusana na ethi, au jeki imepinda. Ukipata alama ya kutokuwa na njia, usiseme koili imekatika. Kwanza fungua bamba la mbele. Mara tisa kwa kumi lawama ni ya swichi yenye kutu au waya ulioachia pale unapoungana na pikapu. Waya hizi ni nyembamba na ganda lake limekauka. Ukizishika kwa pupa zinakatika mkononi.

Swichi na voliumu zinazokwaruza zioshe kwa spirei ya kusafishia koneksheni, kisha zungusha au sukuma mara thelathini. Mafuta ya kulegeza kutu usiyatumie hapa, yanaacha utando unaokusanya vumbi. Swichi ya kuteleza ikifa kabisa, ya kwake ni ile ile ya redio ndogo yenye miguu sita. Luthuli Avenue ya Nairobi au Kariakoo ya Dar es Salaam utaipata dukani kwa spea za redio, muhimu tu tundu za skrubu zilingane. Kwa voliumu mpya chukua kilo-ohmu 500 zenye mkunjo wa sauti (audio taper), na kapasita ya toni mikrofaradi 0.022. Chukua potenshiometa (vidude vya kuzungushia voliumu) ndogo zenye shingo ya milimita 7. Zile kubwa zinataka tundu la karibu 9.5, na ukilipanua kwa drili kwenye plastiki ya miaka sitini bamba linapasuka kuanzia tunduni hadi ukingoni. Kama huna njia, panua kwa faili ya mviringo, polepole.

Chuma cha kulehemu cha wati 30 hadi 40 kinatosha kwa waya. Mgongo wa potenshiometa ni sahani kubwa inayonyonya joto, kwa hiyo ukwangue kwanza kwa msasa, paka lehemu, ndipo ulete waya. Ukikaa pale zaidi ya sekunde nne au tano, unaunguza mkaa wa ndani.

Mvumo unaopungua ukigusa jeki lakini haupungui ukigusa nyuzi una maana moja, nyuzi hazina ethi. Lehemu waya kutoka mgongo wa voliumu, upitishe chini ya bamba hadi kwenye mkia au bati la tremolo, ukwangue pale utakapobana ili chuma kiguse chuma.

Pikapu ikipiga mluzi ukiongeza sauti, usikimbilie kuichovya kwenye nta. Njia ya kawaida ni sehemu nane za parafini kwa sehemu mbili za nta ya nyuki, joto la Selsiasi 60 hadi 65, dakika kumi hadi kumi na tano, chombo kikiwa ndani ya maji ya moto na kamwe kisiwe juu ya moto wenyewe. Kwa pikapu hizi ni hatari. Plastiki ya koili na mpira wa sumaku vinaweza kujikunja, na sehemu ya uzuri wa sauti ni ule wepesi wake wa kusikia kidole kikigusa bodi. Anza na kipande cha sponji nyembamba chini ya kifuniko kikibana karatasi ya dhahabu isitetemeke. Mara nyingi mluzi unaishia hapo.

Ukiwasha pikapu mbili na sauti ikawa nyembamba ya puani, zinapingana. Dawa ni kubadilishana waya mbili za pikapu moja, lakini fungua uone kwanza. Kwenye nyingi, waya wa ethi wa koili na ethi ya kifuniko ni kitu kimoja. Ukibadilishana tu, kifuniko kinakuwa upande wa sauti, na kila ukikigusa linavuma. Tenganisha: kifuniko kipate waya wake wa kwenda ethi, koili ibaki na zake mbili. Kazi hiyo hiyo ndiyo inayofungua mlango wa kuziunga pikapu mbili kwa mfuatano, moja ikiingia kwa nyingine, jinsi Danelectro walivyofanya Marekani na pikapu zao za mabomba ya rangi ya midomo. Sauti inanenepa katikati na nguvu inaongezeka. Kwa pikapu dhaifu kama hizi, ni mabadiliko yanayosikika kuliko kununua pikapu mpya.

Funguo ngumu zidondoshee petroli ya kibiriti, zungusha, futa uchafu mweusi unaotoka, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye meno. Kama zimeliwa, pima kila umbali kati ya nguzo kabla ya kuagiza, kwa sababu bamba la funguo sita mfululizo la Kijapani halilingani na mengi ya leo.

Neno moja kuhusu amplifaya ndogo za zamani zinazouzwa pamoja na magitaa haya. Baadhi ya zile rahisi za Kimarekani hazina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na bodi ya chuma, na zimetengenezwa kwa volti 120. Uzi wa gitaa ukiwa umeungwa ethi, mkono wako unaungwa na bodi hiyo. Usichomeke kabla fundi hajaweka transfoma ya kutenganisha inayotoa hizo volti 120.

Ukimaliza, kaza nyuzi, liache siku mbili tatu, pima tena nafasi ya freti ya 7, ndipo uweke usahihi wa briji kwa mara ya mwisho. Mwambaoni ongeza mfuko mdogo wa jeli ya kunyonya unyevu ndani ya kasha, maana chumvi ya hewa inakula freti na skrubu upesi. Na kila kipande cha asili ulichokitoa, hata swichi iliyokufa, kitie kwenye bahasha pamoja na mchoro wa waya ulivyokuwa, ufunge kwa mkanda ndani ya kifuniko cha kasha. Atakayelinunua baada yako atauliza hivyo kwanza.